Je, wajua kwa nini mashabiki hunusa ugomvi wa mwenyekiti na wamiliki kabla klabu haijatamka neno?

Mwenyekiti hajaonekana jukwaani mechi mbili mfululizo. Mtendaji mkuu mpya ametangazwa na jina la mwenyekiti halimo kwenye taarifa. Usajili uliosemwa umekamilika umekufa saa za mwisho. Jioni hiyohiyo mashabiki wameshatoa hukumu: mwenyekiti na wenye timu hawapikiki chungu kimoja. Klabu inakanusha, au inanyamaza. Miezi inapita, halafu mwenyekiti anaondoka kweli, akimshukuru kila mtu hadi watunza nyasi.

Watu ambao hawajawahi kuingia kikao hata kimoja cha bodi wanapatiaje? Lisemwalo lipo, ndiyo, lakini methali haielezi lilivyofika mtaani. Kwa nionavyo mimi, mashabiki hupatia kwamba kuna ugomvi, ila wakija kueleza ni ugomvi wa nini, hapo mara nyingi hukosea. Shabiki hutazama kila jambo kwa jicho la usajili, kwa hiyo mwenyekiti akinuna, basi amenyimwa fedha za straika. Wenye mali hugombania mambo mengine: mkopo unaoiva lini, hisa auziwe nani, na neno la mwisho ni la nani.

Tuanze na nani ni nani. Klabu nyingi kubwa za Uingereza ni kampuni. Mmiliki ni mwenye hisa. Mwenyekiti ni mkurugenzi anayeongoza vikao vya bodi, na anaweza kuwa na hisa au asiwe nazo kabisa. Wako wenyeviti wa kufungua na kufunga kikao tu, na wako wa aina ya Daniel Levy, aliyekuwa mwenyekiti wa Tottenham kuanzia 2001 hadi Septemba 2025 na aliyejulikana kwa kukaa mwenyewe mezani kubishania bei ya mchezaji. Cheo ni kilekile, mamlaka ni mbingu na ardhi.

Sheria ya kampuni ya Uingereza ya mwaka 2006 inawapa wanahisa rungu: wakiwa na zaidi ya nusu ya kura, wanaweza kumwondoa mkurugenzi yeyote, mradi notisi maalumu ya siku 28 imetolewa. Sheria hiyohiyo lakini inamtaka mkurugenzi afanye yale anayoamini kwa dhati yataifaa kampuni. Haisemi yatakayomfaa aliyemteua. Siku za neema hakuna anayeona tofauti, kwa sababu kinachomfaa mmiliki huifaa na klabu. Madeni yakibana ndipo njia zinapoachana.

Zilivyoachana Liverpool mwaka 2010 ni kisa ambacho kingestahili makala yake peke yake. Wamarekani wawili, Tom Hicks na George Gillett, waliinunua klabu hiyo mwaka 2007 kwa fedha za mkopo. Haukupita muda wakawa hawasikilizani wao kwa wao. Aprili 2008 Hicks aliketi mbele ya kamera ya televisheni na kumtaka mtendaji mkuu wa klabu yake mwenyewe, Rick Parry, ajiuzulu. Hapo hapakuhitajika pua ya shabiki kunusa chochote. Parry aliendelea na kazi, akaja kuondoka mwaka uliofuata.

Kufika 2010 deni kwa benki ya RBS lilikuwa limevuka pauni milioni 200 na benki imechoka. Masharti ya kuongezewa muda yakawa haya: klabu iuzwe, na aletwe mwenyekiti huru wa kusimamia mauzo. Akaletwa Martin Broughton, mwenyekiti wa shirika la ndege la British Airways, ambaye hata alikuwa shabiki wa Chelsea. Kifungu kimoja kwenye makubaliano hayo ndicho kilichoamua kila kitu baadaye: mamlaka ya kubadili wajumbe wa bodi yaliwekwa mikononi mwa Broughton, siyo ya wamiliki. Lile rungu la sheria, wenyewe walikuwa wamelikabidhi kwa kalamu yao.

Bodi ilikuwa na watu watano. Hicks na Gillett upande mmoja. Broughton, mkurugenzi mtendaji Christian Purslow na mkurugenzi wa biashara Ian Ayre upande wa pili. Tarehe 5 Oktoba 2010 kikao kiliitishwa kujadili ofa za wanunuzi. Kabla hakijaanza, Hicks akajaribu kuwaondoa Purslow na Ayre na kuwaweka mwanawe Mack pamoja na mfanyakazi wa kampuni yake. Hesabu yake ni rahisi kuisoma: kutoka kura mbili dhidi ya tatu, angekuwa na nne dhidi ya moja. Broughton akasema mabadiliko hayo ni batili, akaendelea na kikao na wenzake wawili, wakaikubali ofa ya pauni milioni 300 ya kampuni ya New England Sports Ventures, ambayo leo inaitwa Fenway Sports Group. Tarehe 13 Oktoba Mahakama Kuu ya London ilimpa haki mwenyekiti. Jioni ileile wamiliki wakapata zuio kwenye mahakama ya Dallas, kule Texas. Zuio likaondolewa, na tarehe 15 klabu ikabadili mikono.

Mwenyekiti ameiuza klabu wakati wenye nayo wanapiga kelele za kupinga. Ukisimuliwa bila kile kifungu cha mkopo, hutaamini.

Mashabiki walijua nini muda huo? Walijua mengi, na si kwa ndoto. Walikuwa wanasoma hesabu za fedha za klabu, wakijua riba ni kiasi gani na mkopo unafika mwisho tarehe ngapi. Zilipovuma fununu kwamba Hicks anatafuta mkopeshaji mwingine wa kumwokoa, waliyajaza barua pepe masanduku ya wakopeshaji hao, wakiwaomba wasimpe hata senti. Kundi hilo halikuwa tena la kubahatisha kuhusu straika. Lilikuwa limeshaelewa kwamba vita ni ya tarehe na riba.

Hapo ndipo siri ya pua ya mashabiki ilipo, angalau kwa klabu za Uingereza. Kampuni zote husajiliwa kwa msajili mmoja, Companies House, na makaratasi yake yanasomwa mtandaoni bure tangu 2015. Andika jina la kampuni ya klabu, fungua orodha ya maofisa, na kila mkurugenzi ana mstari wake: jina, siku aliyoteuliwa na, kama ameondoka, siku aliyoondoka. Kampuni ina siku 14 za kumjulisha msajili kwamba mkurugenzi ametoka. Klabu inaweza kusubiri mechi kubwa ipite ndiyo itoe taarifa, lakini msajili hana ratiba ya ligi. Ndiyo maana wakati mwingine shabiki mmoja mwenye subira anajua kabla ya mwandishi wa habari.

Kuna pia orodha ya wenye udhibiti mkubwa, iliyoanza 2016, inayotaja mtu mwenye zaidi ya robo ya hisa au kura. Na ikiwa klabu imeweka rehani uwanja au fedha za haki za televisheni, dhamana hiyo huandikishwa ndani ya siku 21, jina la mkopeshaji likionekana wazi. Mimi ningemwambia anayetaka kujua hali ya klabu yake aanzie kwenye ukurasa huo wa dhamana kabla ya kumfuatilia mwandishi yeyote wa tetesi. Mkopo mpya wenye masharti makali huwagombanisha mwenyekiti na wamiliki kuliko kocha yeyote.

Tottenham ni mfano mzuri wa kuona alama na kuzisoma vibaya. Makaratasi yalionyesha kwamba mwaka 2022 Joe Lewis, mzee aliyekuwa nyuma ya kampuni ya ENIC inayoimiliki klabu, hakuwa tena mwenye udhibiti. Mambo yalikuwa mikononi mwa wadhamini wanaosimamia mali ya familia. Mwaka 2025 alama ziliongezeka: mtendaji mkuu mpya akaletwa kutoka nje ya klabu, Vinai Venkatesham, aliyewahi kushika kazi hiyo Arsenal, huku mkurugenzi mtendaji wa siku nyingi, Donna-Maria Cullen, akiondoka. Mei timu ikatwaa Ligi ya Europa. Tarehe 4 Septemba Levy akaondoka baada ya takribani miaka 25, na vyombo vya habari vya Uingereza vikaripoti kwamba uamuzi ulikuwa wa familia ya Lewis. Kwa miaka mingi mashabiki waliimba aondoke kwa sababu ni mbahili. Waliokuwa wakimtazama yeye tu walishtuka. Waliokuwa wakitazama kizazi kipya cha wenye mali kikisogea mezani, hawakushtuka sana.

Alama nyingine ni lugha. Taarifa ya kuondoka kwa kigogo hupitia kwa wanasheria, na kila neno limepimwa. Ndiyo maana neno kali likiponyoka linasema mengi. Aprili 2007 makamu mwenyekiti wa Arsenal, David Dein, aliondoka, na sababu iliyotolewa ilikuwa tofauti zisizopatanishika na wenzake wa bodi. Mashabiki mara moja wakamfikiria kocha Arsène Wenger na wachezaji, na hawakukosea kabisa kuhofia, kwani Thierry Henry alihamia Barcelona kiangazi hichohicho na kutaja kuondoka kwa Dein kama mojawapo ya yaliyomsukuma. Kiini kilikuwa kwingine. Dein alitaka mtaji wa nje na alikuwa karibu na Mmarekani Stan Kroenke, aliyekuwa ameanza kununua hisa. Wenzake hawakumtaka Kroenke. Agosti Dein akamuuzia hisa zake mshindani, kampuni ya Alisher Usmanov, kwa pauni milioni 75. Na Kroenke aliyekataliwa? Bodi ileile ilimkaribisha kitini mwaka 2008, na mwaka 2018 akaimiliki klabu yote. Uadui wa bodini hauna mizizi mirefu kama wa jukwaani.

Nchini Ujerumani sura inageuka, kwa sababu kanuni ya 50+1 inataka wanachama wa klabu wawe na kura nyingi katika kampuni ya timu hata kama fedha ni za mwekezaji. Desemba 2023 klabu 36 za madaraja mawili ya juu zilipiga kura ya siri kuhusu kuingiza mwekezaji kwenye biashara ya ligi. Theluthi mbili ilihitajika, yaani kura 24. Zikapatikana 24 kamili. Mashabiki wakaanza kujumlisha klabu zilizosema wazi zimepinga, na macho yote yakamwelekea Martin Kind, bosi wa kampuni ya timu ya Hannover 96, ambaye uongozi wa klabu ya wanachama ulikuwa umemwagiza akatae. Hakusema alivyopiga. Zikafuata wiki za mipira ya tenisi kurushwa uwanjani hadi mechi zikisimama, na Februari 2024 ligi ikauacha mpango wote. Sijui mfano mwingine ambapo hesabu ya vidole ya mashabiki ilisimamisha mpango mkubwa kiasi hicho.

Sasa upande wa pili, ambapo pua hudanganya. Kiti kitupu jukwaani huenda ni mafua. Na kila “chanzo kilicho karibu na klabu” kina upande wake: pande mbili zikigombana, kila moja ina mwandishi wake inayempigia simu, na habari inayovuja huvuja kwa sababu inamfaa aliyeivujisha. Ukisoma kwamba mwenyekiti “amechoshwa na ubahili wa wamiliki”, jiulize ni kambi gani ingependa uamini hivyo. Kazi ya ziada kidogo, lakini huokoa mtu na aibu.

Yapo pia yasiyofika kwa msajili kabisa. Chelsea ilinunuliwa Mei 2022 na kundi ambalo kampuni ya Clearlake Capital ndiyo yenye hisa nyingi, huku Todd Boehly, mwenye sehemu ndogo, akichukua uenyekiti. Septemba 2024 ziliporipotiwa habari kwamba pande hizo mbili zinafikiria kununuana, mashabiki walipekua makaratasi na kukuta majina, tarehe na mikopo, lakini si lile walilolitaka: nani anaweza kumlazimisha nani auze. Hilo huandikwa kwenye mkataba wa wanahisa, na tofauti na katiba ya kampuni, mkataba huo kwa kawaida haupelekwi kwa msajili. Hata habari kwamba upande wa Clearlake utakuwa na haki ya kumteua mwenyekiti baada ya miaka mitano ya mwanzo, yaani kuanzia 2027, ilitoka magazetini.