Ku-akaivu imeili maana yake nini, na filta na skripti zinaingia wapi

Wengi wakisikia ku-akaivu wanadhani ni kufuta, wengine wanadhani ni bakapu, na si hiki wala kile. Kwenye Gmail inboksi yenyewe ni lebo tu, yaani alama iliyobandikwa kwenye imeili, ukibonyeza akaivu ile lebo inavuliwa basi, imeili inabaki kwenye akaunti, ukiisachi unaipata na mtu akijibu inarudi inboksi yenyewe. Kwa hiyo usitegemee kupata nafasi, zile GB 15 za bure unazogawana na Drive na Photos zinaendelea kuliwa vilevile. Ukitaka nafasi, futa.

Sasa chukulia unashughulikia oda za duka la mtandaoni, kila oda inaleta imeili ya kuthibitisha, ya malipo, ya mzigo kutumwa, kwa siku zinafika mia tatu hivi, nani atabonyeza moja moja? Hapo ndo filta. Unaipa sharti na amri: ikitoka kwa anwani fulani au ikiwa na neno fulani kwenye kichwa, ibandike lebo "oda", basi. Ila filta ni kama mlinzi wa geti, anashughulika na anayeingia sasa hivi. Zilizokwishaingia haizigusi mpaka utiki kile kiboksi cha kuihusisha na za zamani, na hata hapo ni mara moja tu. Na haijui kusubiri: huwezi kuiambia iache imeili inboksi wiki moja uishughulikie kwanza ndo iiondoe.

Kusubiri ni kazi ya skripti, yaani programu fupi inayojiendesha yenyewe. Google wana Apps Script, ni bure, unaandika mistari michache ya JavaScript halafu unaipangia saa, tuseme kila usiku, isachi

label:oda in:inbox older_than:7d -is:starred

(yaani zenye lebo ya oda, ziko inboksi, zimezidi siku 7 na hujazitia nyota), na kila inachokipata iki-akaivu. Usiipe nyuzi (uzi ni imeili pamoja na majibu yake) zaidi ya 100 kwa mkupuo mmoja, itagoma, na kwa akaunti ya kawaida ikifika dakika 6 inakatwa, kwa hiyo kama una limbikizo la miaka iache ilikwangue kidogo kidogo kila usiku.

Kuna mtego hapo aisee. Sachi inarudisha uzi mzima hata kama ni meseji moja tu ndani yake iliyozidi siku 7, yaani mteja aliyeagiza mwezi uliopita akijibu leo mchana kulalamika mzigo haujafika, usiku skripti inaubeba na lalamiko lake. Dawa ni skripti icheki kwanza tarehe ya meseji ya mwisho kwa getLastMessageDate(), ikiwa ni ya juzijuzi iuruke.

Outlook wao akaivu ni folda kabisa, imeili inahamia huko, lakini bado iko kwenye akaunti ileile. Bakapu ya kweli ni nakala inayokaa nje ya akaunti, kwa Gmail unaishusha kwa Google Takeout, inakuja kama faili la mbox, yaani faili moja lenye imeili nyingi ndani, na unaweza kuchagua lebo moja tu, mfano hiyo ya oda, badala ya kubeba kila kitu.