Sina kipaji, sina kompyuta, tena niko Kigoma

Haipiti wiki bila kijana kusimama mlangoni pa kibanda changu hapa Mwanga, akatazama bango ninalolichora, kisha akaanza kunieleza kwa nini yeye hawezi: hana kipaji, hana kompyuta, na yuko mwisho wa reli. Nimezisikia sababu hizo mpaka naweza kumkatiza nikazimalizia mwenyewe.

"Kuchora ni kipaji cha kuzaliwa nacho."

Chukua penseli uchore uso wa mtu, kisha upime ulichochora. Karibu kila anayeanza huyapandisha macho juu mno, yakakaribia nywele. Kwa kawaida macho yapo katikati ya kichwa: kutoka utosini hadi kwenye macho ni karibu sawa na kutoka kwenye macho hadi kidevuni. Mkalishe mdogo wako, unyooshe mkono na kumpima kwa penseli, utaona. Upana wa kichwa nao ni kama wa macho matano yaliyopangwa mstari mmoja. Sura zako zitabadilika jioni hiyohiyo, na hakuna mtoto aliyetoka tumboni akiyajua hayo.

Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, umri wake umeshapita miaka 30. Hakuwa na shule ya sanaa nyuma yake. Alitumia vipande vya hadibodi na rangi za kung'aa za kupakia baiskeli. Alifariki 1972, baada ya miaka michache tu ya kazi, na mtindo wake hadi leo unaitwa kwa jina lake.

Kwa mazoezi, sisi wa Kigoma tuna bahati. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, na usiku wa mbalamwezi taa hazivuti samaki vizuri, kwa hiyo wengi hupumzika. Mwezi ukipevuka shuka ufukweni, Kibirizi au Katonga, utawakuta wameketi wakishona nyavu, migongo imepinda, mikono inarudia mwendo uleule. Mwamkie mzee shikamoo, mwonyeshe daftari, omba ruhusa. (Akikubali atajinyoosha kama yuko studio, subiri dakika tano, atakusahau.) Mpe kila mmoja dakika mbili, geuza ukurasa. Usifute.

"Bila kompyuta kali huwezi sanaa ya kidijitali."

Unaweza. Simu yenye ibisPaint, programu ya kuchorea, inatosha kuanzia. Ukipata kompyuta hata kuukuu, Krita, GIMP na Inkscape ni za bure kihalali, huna haja ya kuazima flashi yenye programu za wizi na virusi vyake.

"Ikionekana safi kwenye simu, itachapika safi."

Hili liliniumbua. Niliwahi kutengeneza bango la sendofu, picha ya binti nimetumiwa WhatsApp, kwenye simu inang'aa kama kioo. Lilipotoka kuchapwa, uso wa bibi harusi mtarajiwa ulikuwa viraka vya miraba. Mama yake hakunipigia kelele, alilitazama bango, akanitazama mimi, akasema, "Mwanangu, huyu ni nani?" Nililipia la pili mfukoni mwangu.

Chapa nzuri ya kushikwa mkononi huhitaji nukta 300 kwa kila inchi. Kwa karatasi ya A4 hiyo ni pikseli, yaani nukta za picha, 2,480 kwa 3,508. Picha iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida mara nyingi hubaki na kama 1,600 upande mrefu, yaani inatosha sentimita 13 na ushee tu. Bango la kutazamwa kwa mbali huvumilia nukta chache zaidi, ila si chache kama zangu. Siku hizi namwambia mteja: itume kama dokumenti, usiitume kama picha. Kama jina la duka au nembo, ichoree Inkscape, maana mchoro wake ni wa vekta, yaani umejengwa kwa mistari badala ya nukta, hauharibiki hata ukiukuza ukubwa wa ukuta.

Rangi nazo hudanganya. Kioo cha simu huchanganya mwanga mwekundu, kijani na buluu. Mashine huchanganya wino. Ile kijani inayowaka kwenye simu hufifia kwenye karatasi. Chapa kipande kidogo kwanza.

"Ukiiweka mtandaoni ni ya wote."

Siyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inailinda kazi yako tangu ulipoitengeneza. Kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, hukupa ushahidi siku ya mgogoro. Sheria hiyohiyo inamlinda na yule ambaye picha yake umeiokota Google ukaibandika kwenye bango la saluni.

"Lazima uende Dar."

Kufanya nini? Hapa kuna boti zinazotaka majina ubavuni, kuna saluni, timu za mpira, harusi kila Jumamosi. Jua linazama upande wa Kongo, ziwa lote linageuka shaba, na faili la bango linafika Dar kabla treni haijatoka stesheni.

Kijana wa wiki iliyopita alirudi juzi na daftari. Amemchora kaka yake mara 11. Katika ile ya mwisho macho yameshuka, masikio ndiyo yamepotea. Nimemwambia asubiri mwezi upevuke, tutashuka naye Kibirizi.