"Gari Litachanganya Tu" na Dhana Nyingine Potofu Kuhusu Taka

Kila ninapofundisha kutenganisha taka, iwe sokoni Mbale au kwenye nyumba za kupanga Kampala, husimama mtu akasema: "Kazi bure. Gari la taka likija linachanganya yote." Wenzake huitikia, na somo linaishia hapo. Kauli hii imenichosha, maana nusu yake ni kweli na nusu hiyo ndiyo inayotuharibia.

Ni kweli, magari mengi huchanganya. Lakini maganda yapande gari kwa nini? Sehemu kubwa ya taka za miji yetu ni vitu vya kuoza: maganda ya matoke, majani ya ndizi, mabaki ya chakula. Vikitoka hivyo, kinachobaki ni kikavu, hakinuki, na waokota chupa wanakipokea kwa furaha. Maganda mabichi mpe jirani mwenye ng'ombe au mbuzi. Huna jirani huyo? Fukia kwenye shimo dogo chini ya migomba. Hapo hatujamsubiri dereva yeyote.

Serikali nayo imejaribu. NEMA, mamlaka ya mazingira ya Uganda, kwa msaada wa Benki ya Dunia, ilijenga mitambo ya mboji, yaani mbolea ya taka zilizooza, katika manispaa kadhaa, zikiwemo Mbale, Soroti, Lira, Mukono na Kasese. Mboji hutaka taka zigeuzwe zipate hewa, na joto la ndani lipite nyuzi 55 ili vijidudu na mbegu za magugu vife. Lakini taka zikija zimechanganyika, kigae cha chupa hakiozi kwa joto hilo, na betri huacha metali zake humo humo. Mkulima akikatwa na kioo mara moja, gunia la pili hanunui. Kisha tunasema mboji ya manispaa ni uchafu. Uchafu huo ulitoka jikoni kwetu.

Yale yasiyotengwa Kampala yalikuwa yakienda jalala la Kiteezi tangu 1996. Taka za kuoza zikifukiwa bila hewa hutoa gesi ya methani na maji machafu. Agosti 10, 2024, rundo lile liliporomoka likafukia nyumba. Watu zaidi ya 30 walikufa. Sisemi maganda peke yake ndiyo yaliyoliangusha, maana jalala lilikuwa limejaa kupita kiasi siku nyingi. Ila kilichokuwa kikilijaza tunakijua.

"Kuchoma ni kumaliza." Hapana. Plastiki ikichomwa uani hutoa moshi wenye sumu, na watoto ndio wanaouvuta kwanza. Majivu yake usiyatupe kwenye mboga.

"Sheria ya kavera ilikufa." Haikufa. Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019 inakataza kavera, yaani mifuko ya plastiki, yenye unene chini ya maikroni 30 (milimita 0.03). Usimamizi umelegea, na hilo linaniuma, lakini anayekufungia nyanya kwenye kavera nyembamba bado anavunja sheria.

"Simu mbovu ni taka kama nyingine." Betri ya lithiamu ikipondwa ndani ya gari la taka inaweza kushika moto. Kampala kuna kituo cha taifa cha taka za kielektroniki tangu 2021. Ukiwa mbali, weka betri kwenye kopo kavu, watoto wasifike, hadi upate wa kuzipeleka. Na ile ya gari usiipasue wala kumwaga asidi yake ili uuze madini ya risasi yaliyomo: irudishe nzima kwa muuza betri unaponunua nyingine.