Hiyo si ndege ya Mjerumani

Wiki iliyopita nimeletewa picha nyingine ya zamani ili niitambue ndege iliyomo. Kijana kaja na picha ya babu yake, imo kwenye fremu ya dhahabu, na chini yake familia imeandika kwa kalamu: "Babu na ndege ya Mjerumani, 1916." Babu amesimama wima, kofia mkononi. Nyuma yake ndege yenye bawa juu ya bawa. Na pembeni kabisa, nusu yake nje ya picha, kuna Land Rover. Land Rover ya kwanza ilitoka kiwandani mwaka 1948.

Sina nia ya kuwavunjia wazee heshima. Ila dhana hii, kwamba ndege yenye bawa juu ya bawa ni ya Vita ya Kwanza, na ikiwa imepigwa picha Tanganyika basi ni ya Mjerumani, nimeisikia mara nyingi mno. Inatupotezea historia mbili kwa mpigo: ya vita, na ya babu mwenyewe.

Tuanze na vita. Vilipoanza mwaka 1914, koloni zima la Wajerumani la Afrika Mashariki lilikuwa na ndege moja. Moja tu! Ilikuwa aina ya Otto, rafadha yake nyuma ya rubani, na mwenye kuirusha alikuwa Bruno Büchner, aliyefika nayo kabla ya vita. Ndege walizoziona wazee wetu angani miaka ile nyingi zilikuwa za upande wa pili. Julai 1915 Waingereza walirusha ndege za Henri Farman na Caudron kutoka Kisiwa cha Mafia ili kuelekeza mizinga iliyoimaliza manowari Königsberg ndani ya delta ya Rufiji. Mwaka 1916 Wabelgiji, wakitumia ndege za maji za Short, waliipiga Kigoma kwa mabomu kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo hata kama picha yako ni ya vita kwelikweli, ndege iliyomo huenda ilikuwa inampiga huyo Mjerumani.

Halafu, bawa juu ya bawa halikuisha na vita. Kampuni ya ndege ya De Havilland ya Uingereza ilitoa Dragon mwaka 1932 na Dragon Rapide mwaka 1934, zote mbili za mbao na kitambaa, zote mbili bawa juu ya bawa. Shirika la East African Airways lilipoanza kazi Januari 1946 lilianza na Rapide sita. Si kwamba walikuwa wamepitwa na wakati. Viwanja vilikuwa vifupi, vya nyasi, vingine juu nyandani ambako hewa ni nyepesi, na ndege ya namna ile hunyanyuka kwa mwendo mdogo na kutengenezeka kwa seremala na fundi wa kawaida. Picha ya namna hiyo inaweza kabisa kuwa ya miaka ya 1950.

Sasa utazitofautishaje? Anza na miguu, kisha mkia. Kila mtu anakimbilia pua na bendera, mimi nakwambia anza na miguu. Ndege za vita ile miguu yake ni fito tupu, na tairi mbili zimeungwa na chuma kimoja katikati. Za Farman, Caudron na Otto hata mkia umeshikwa na fito, unaona miti na nyumba za nyuma kupitia hapo katikati. Rapide haina uwazi huo. Kiwiliwili chake kimefunikwa mpaka mkiani, kina madirisha ya abiria, na kila tairi limevishwa ganda linaloshuka kutoka kwenye injini, kama mtu aliyevaa suruali pana. Mabawa yake huchongoka kuelekea ncha. Ya Dragon hubaki na upana uleule karibu hadi mwisho. Na ukiona umbo linalofanana na la Rapide lakini injini ni nne, hapo kaa chini utulie, kwa sababu hiyo ni DH.86, ya De Havilland pia, nayo zilitengenezwa 62 tu, wakati Rapide zilipita 700.

Ya babu ilikuwa Rapide. Nilipomuuliza kijana babu alifanya kazi gani, akajibu bila kufikiri: uwanja wa ndege, Tabora, mpaka alipostaafu. Jibu lilikuwa nyumbani kwao siku zote, na lebo ya "1916" ndiyo iliyolifunika.

Dhana nyingine nazipitia haraka.

Wengi huniambia namba ya usajili ikisomeka, kazi imekwisha. Namba inakwambia ndege imeandikishwa wapi, haikwambii ilipigwa picha wapi. VP-K ilikuwa Kenya, VP-U Uganda, VR-T Tanganyika. Baada ya uhuru zikaja 5Y, 5X na 5H. Lakini Septemba 1936 Beryl Markham, rubani mwanamke wa Kenya, alivuka Atlantiki kutoka Uingereza na Vega Gull yenye namba VP-KCC, akaishia pua matopeni huko Nova Scotia. Herufi za Kenya, picha ya Kanada. Na Denys Finch Hatton, mwindaji Mwingereza aliyeishi Kenya, alikuwa na Gipsy Moth yenye herufi za Uingereza, G-ABAK, iliyomuua huko Voi mwezi Mei 1931. Ukiletewa "ndege ya Finch Hatton" imeandikwa G-AAMY, hiyo ni ndege iliyotumika kwenye filamu ya sinema ya Out of Africa, miaka zaidi ya 50 baadaye.

Wengine wanasema kilichotoka cheusi kwenye picha kilikuwa cheusi. Si kweli. Filamu nyingi za zamani hazikuiona rangi nyekundu, zikaichapa karibu nyeusi, na buluu ikatoka hafifu. Chukua duara linalopakwa kwenye ndege za kijeshi kuwa alama ya nchi: la Waingereza lina nyekundu katikati na buluu nje, la Wafaransa kinyume chake. Kwa filamu ile, katikati pakiwa peusi mfikirie Mwingereza.

Kuna pia wanaokataa picha halali kwa sababu ni ya ajabu. Ndege yenye michirizi ya punda milia, wanasema, imetengenezwa kwenye kompyuta. Ilikuwepo! Martin na Osa Johnson, mume na mke wapiga filamu wa Marekani, walikuja nayo Afrika Mashariki mwaka 1933, Sikorsky S-38 ya injini mbili, inayotua majini na nchi kavu, namba NC-29V. Walikuwa na ya pili pia, S-39 ya injini moja, yenye madoa ya twiga. Wakapiga picha Mlima Kenya na Kilimanjaro kutoka angani. Picha za hizo mbili msizitupe.

La mwisho linaniuma kuliko yote baada ya lile la Mjerumani: picha "kusafishwa" kwa programu ya simu kabla ya kuletwa kwangu. Programu haisafishi, inabuni. Nimeshaona herufi ambazo hazijawahi kuandikwa kwenye ndege yoyote, na fito za mabawa zimefutwa kwa sababu programu ilidhani ni mikwaruzo. Niletee ya asili, hata kama imeliwa na mende. Itoe kwenye fremu, iskani nzima pamoja na kingo, kisha igeuze uskani na mgongo, maana muhuri wa studio hukaa huko.

Kijana yule alikuwa ameshapanga kuikata Land Rover ili abaki babu na ndege tu. Nimemwomba sana aiache.