Seva ikianguka, soma logi kabla hujaiwasha upya

Mwenye nyumba ya wageni Raskazone na mwenye duka la vipuri Ngamiani wakipiga simu, sentensi yao ni moja: "Tovuti haifunguki." Mafundi wengi hapa Tanga hujibu kwa kuzima mashine na kuiwasha. Tovuti hurudi kweli, ila ushahidi huenda na maji. Kama folda ya /var/log/journal haipo, journald (huduma ya Linux inayotunza logi, yaani kumbukumbu za matukio ya mashine) huandika kwenye memori tu, na mashine ikizimwa kila kitu kinafutika. Iunde folda hiyo leo, kisha endesha journalctl --flush ili logi zihamie kwenye diski.

Anza na kile mteja anachokiona kwenye kioo. Kosa la 502 kwa kawaida maana yake Nginx (programu inayopokea wageni wa tovuti) ni mzima, programu iliyo nyuma yake ndiyo imekufa. 504: programu ipo, haikujibu kwa wakati, Nginx husubiri sekunde 60 usipobadilisha. Kivinjari kikisema muunganisho umekataliwa, huenda Nginx yenyewe haipo, na nginx -t itakuonyesha mstari uliokosewa kama kosa ni la mipangilio.

Kisha uliza ilizima saa ngapi. Akisema saa 3 usiku, hiyo ni 21:00 yetu, lakini seva nyingi za kukodi hufuata UTC (saa ya dunia, iliyo nyuma ya yetu kwa saa 3), kwa hiyo kwenye logi tafuta 18:00. Ukienda kusoma mistari ya 03:00 utakuta bekapu ya usiku na kuilaumu bure.

Sasa endesha journalctl -k (logi za keneli, kiini cha Linux) na utafute maneno "Out of memory". Kama mashine imeshawashwa upya, ongeza -b -1 usome logi za kabla ya hapo. Kwenye seva ndogo za GB 1, sababu ninayoishuku kabla ya zote ni hii. Memori ikiisha, keneli huua prosesi ili mashine ipumue, na kwa kawaida huchagua iliyonenepa, mara nyingi mysqld, programu ya hifadhidata. Mgeni anaona kosa la hifadhidata, fundi anaanza kukarabati majedwali yasiyo na ugonjwa wowote. Aliyeuawa siye mkosaji.

Mkosaji mara nyingi ni PHP-FPM, inayoendesha kurasa za PHP. Debian na Ubuntu huja na pm.max_children = 5, yaani wafanyakazi (prosesi) wasiozidi watano kwa wakati mmoja. Wageni wakizidi, logi huandika onyo kwamba kikomo kimefikiwa, ufikirie kukipandisha. Mtu anatii, anaweka 50. Piga hesabu: kila mfanyakazi akila MB 60, hamsini wanataka MB 3,000, na mashine ina 1,000! Pima kwanza kwa ps -ylC php-fpm8.3 --sort=rss (weka toleo lako; safu ya RSS, memori inayoliwa na kila mfanyakazi, iko kwa KB). Toa memori ya mfumo, tuseme 150, na ya hifadhidata, tuseme 400. Zinabaki 450, gawa kwa 60, unapata 7. Mimi ningeweka 6.

Ongeza na swap (sehemu ya diski inayosaidia memori ikijaa) ya GB 2:

fallocate -l 2G /swapfile
chmod 600 /swapfile
mkswap /swapfile
swapon /swapfile

Iandike pia kwenye /etc/fstab, la sivyo itapotea mashine ikiwashwa upya. Swap inakupa nafasi ya kuingia na kutazama tatizo, haigeuki kuwa memori. Seva inayoishi ndani ya swap hutoa 504 badala ya 502, basi.

Logi isipotaja memori, angalia diski. df -h ikionyesha nafasi tele na bado unaambiwa "No space left on device", jaribu df -i: mamilioni ya vifaili vya sesheni humaliza inodi (nafasi za kuorodhesha faili) kabla ya gigabaiti. Na logi kubwa ya Nginx usiifute kwa rm wakati Nginx inaendelea kuiandika, maana nafasi haitarudi hadi faili iachiwe. Tumia truncate -s 0. Zilizofutwa lakini bado zimeshikiliwa utaziona kwa lsof +L1.

Restart=on-failure ya systemd (mpangilio unaoifufua programu yenyewe ikifa) iweke mwishoni, ukishajua chanzo. Ukiiweka mapema, programu itakuwa inakufa na kufufuka usiku kucha, na mteja atakachokwambia ni kwamba tovuti "inasuasua" tu.