Sensa ya joto imebadilishwa mara mbili, na gari bado linabugia petroli

Mwalimu mmoja aliniletea Vitz yake, injini ya 2NZ, akiwa amechoka kabisa. "Fundi, mimi sasa nafanya kazi ya kulisha gari. Sensa ya temperecha wameshanibadilishia mbili, na bado lile lile."

Nikainama nyuma, bomba la moshi linatoa harufu ya petroli mbichi. Nikachomoa plagi: nyeusi tii, masizi matupu. Injini inakula mafuta ya gari la baridi wakati lenyewe limeshapata moto. Waliomwambia sensa hawakuwa mbali na ukweli. Walichokosea ni kudhani kwamba anayetoa habari ya uongo lazima awe sensa mwenyewe.

Hiki kidude ni punje ndogo ndani ya kifuko cha shaba, imezama kwenye maji ya injini, kwa kawaida karibu na unapotokea mpira mkubwa wa juu wa rejeta. Kazi yake ni moja: joto likipanda, ukinzani wake wa umeme unashuka. Kwa Toyota nyingi, kwenye nyuzi 20 utapata omu 2,320 hadi 2,590. Kwenye nyuzi 80 zinabaki 310 hadi 326 tu. Kompyuta ya gari inapeleka volti 5 kupitia rezista yake, inaangalia volti iliyobaki, inajua maji yana joto gani. Kutoka hapo inaamua petroli kiasi gani, plagi zipige wakati gani, sailensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) iwe juu au chini, na feni iwake lini. Waliowahi kuendesha magari ya kabureta wanakumbuka kuvuta choki asubuhi ili injini ya baridi ipate petroli zaidi. Siku hizi anayevuta choki ni kompyuta, na anamsikiliza huyu.

Sensa ikifa kabisa una nafuu. Waya ukikatika, kompyuta inaona nyuzi 40 chini ya sifuri, inajua huo ni upuuzi, inawasha taa ya injini na kuandika namba ya kosa, P0118. Waya zikigusana inaona 140, inaandika P0117. Toyota ikishagundua hivyo inaachana na sensa na kuchukulia kwamba maji yana nyuzi 80, unafika nyumbani. Kazi ipo kwa sensa inayodanganya kidogo, uongo unaoaminika. Hapo taa inaweza isiwake kabisa.

Kwa hiyo gari la mwalimu nikalilaza gereji. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kuliwasha, nikachomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Gari likilala usiku kucha, sensa ya maji na sensa ya hewa zinatakiwa zisome karibu sawa, maana vyote vimepoa pamoja. Hewa ilisoma 28, maji 24. Tofauti ya nyuzi 4; fundi mwenye haraka angepita. Nikawasha, nikasubiri. Mashine ikapanda hadi 61 ikagoma. Nikaelekeza kipimajoto cha mwanga kwenye chuma pale pale penye sensa: 88.

Nikachomoa soketi, nikapima pini za sensa yenyewe. Omu 255. Sensa mzima kabisa! Nikarudisha soketi na kuitikisa kwa kidole huku nikiangalia mashine: namba zikaanza kucheza. Kufungua ndani, pini moja ina kutu ya kijani. Mwalimu anapenda gari safi, kila Jumamosi anaosha injini kwa maji ya presha.

Kutu ile ilikuwa imeongeza kama omu 300. Sasa fanya hesabu. Asubuhi sensa ina omu 1,780. Ukiongeza 300 hakuna anayeshtuka. Injini ikiwa moto ina 255. Ukiongeza 300 umezidisha mara mbili, na kompyuta inaamini maji ni vuguvugu. Ndiyo maana kosa la soketi linajificha asubuhi na kujitokeza injini ikipata moto. Ukipima gari likiwa baridi peke yake hutaliona.

Kilichonitisha si petroli. Kwenye injini hizi feni inawashwa na kompyuta, na kwa zile omu 300 za ziada isingeona joto la kuwashia feni hata maji yangechemka. Aliyekuwa anamwokoa ni AC, kwa sababu ikiwashwa, feni inazunguka nayo, na mwalimu huyu haendeshi bila AC. Siku gesi ya AC ingeisha akiwa kwenye foleni ya Ubungo saa nane mchana, tungekuwa tunazungumzia silinda hedi, kile kichwa cha injini, kuharibika kwa joto.

Na kwa kuwa nimeitaja silinda hedi. Niliwahi kupokea Noah iliyopandishwa mlima Kitonga. Mpira wa chini ulipasuka, maji yakaisha, dereva akaniapia: "Bosi, mshale haukupanda. Tena ulishuka!" Nilimwamini. Sensa haipimi injini, inapima maji yanayoigusa. Maji yakiisha inabaki kwenye hewa na mvuke, mshale unaweza kushuka huku chuma kinaiva. Mshale ukishuka ghafla mlimani, simama. Na Vitz na wenzake wengi hawana hata mshale, ni taa ya bluu na nyekundu tu, kwa hiyo angalia maji kwenye chupa kabla ya safari. Mfuniko wa rejeta usiuguse injini ikiwa moto. Unabana maji kwa presha hata yakipita nyuzi 100 yasichemke, na ukiufungua yanachemka papo hapo, yanakurukia usoni.

Kuna kesi nyingine ninayokutana nayo kuliko zote: themostati imetolewa. "Nchi yetu ya joto, ya nini?" Jamani. Themostati inabana maji yasiende kwenye rejeta mpaka yafike kama nyuzi 80 na ushee, iwe Dar au Makambako. Ukiitoa, barabara kuu usiku maji yanabaki 60 na kitu, sensa inasema kweli, kompyuta inamwaga petroli, na fundi anamlaumu sensa. Kabla ya kununua sensa, uliza kwanza kama themostati ipo.

Ukitaka kuipima nje ya gari, ining'inize kwenye sufuria ya maji jikoni isiguse chini, weka na kipimajoto. Ukinzani unatakiwa ushuke taratibu bila kuruka. Dar maji yakichemka utapata kama omu 190. Mbeya yanachemka kabla ya kufika 100, usishangae ukiona zaidi.

Kuitunza si kazi. Weka kulanti (maji maalumu ya rejeta), si maji ya kisima. Chumvi na kutu vikiivika koti inachelewa kuhisi. Ukibadilisha maji toa hewa yote, maana povu likikaa kwenye sensa namba zinaruka. Kwenye gari za zamani zenye sensa ya mshale ya waya mmoja, usizungushie tepu nyingi: ethi yake (njia ya umeme kurudi kwenye betri) inapita kwenye nyuzi za kufungia. Na usikaze kwa hasira, nyumba yake ni alumini.

Mwalimu nilimwekea soketi kuukuu kutoka kwa wauza spea wa mtaa wa Gerezani, Dar, nikaunganisha waya kwa lehemu. Kesho yake asubuhi, maji 27, hewa 28. Ile sensa iliyokuja na gari kutoka Japani alikuwa bado nayo kwenye bahasha ndani ya dashibodi. Niliipima mbele yake. Ilikuwa nzima.