Je, wajua kwa nini mashabiki wa Miracleman walisubiri karibu miaka 30 kusoma toleo lililokuwa limeshachorwa?

Toleo la 24 la katuni ya Miracleman lilitoka Agosti 1993, na hadithi ilikuwa imefika patamu. Shujaa kijana, Young Miracleman, amefufuliwa baada ya miaka mingi na kujikuta katika dunia asiyoitambua, ambayo mwenzake wa zamani, Miracleman, ameigeuza kuwa paradiso na kuitawala kama mungu. Kijana hapendezwi nayo hata kidogo. Je, atafanya nini? Jibu lilikuwa katika toleo la 25, ambalo mwandishi Neil Gaiman na mchoraji Mark Buckingham walikuwa wameshalifanyia kazi. Halikutoka mwezi uliofuata, wala mwaka uliofuata, wala katika karne ile.

Katuni ikichelewa, wasomaji humrukia mchoraji, na mara nyingi hawakosei. Toleo moja la mwezi la Kimarekani huwa na kurasa 20 au 22. Ukurasa mmoja unaweza kula siku nzima ya penseli, kisha upitiwe wino, utiwe rangi na kupangwa maneno. Mmoja wao akipata kazi nyingine, wote wanakwama. Ultimate Wolverine vs. Hulk, kwa mfano, ilitoa toleo la pili Februari 2006 na la tatu Machi 2009, kwa kuwa mwandishi wake, Damon Lindelof, alikuwa amezama katika tamthilia ya televisheni ya Lost. Planetary nayo iliwaweka watu miaka mitatu wakingojea toleo moja tu la kufunga hadithi.

Subira ya Miracleman ni ya aina nyingine kabisa. Waandaaji walikuwepo na walitaka kuendelea. Kilichokosekana ni mtu wa kusema kwa uhakika: shujaa huyu ni mali yangu.

Mkanganyiko ulianza kabla Gaiman hajazaliwa. Mwaka 1940 kampuni ya Fawcett ya Marekani ilimleta Captain Marvel, mvulana anayetamka neno moja na kugeuka shujaa. Wenye Superman walidai wameibiwa wazo, wakafungua kesi, na mwaka 1953 Fawcett ilikubali kulipa dola 400,000 na kuachana na shujaa wake. Huko Uingereza, mchapishaji L. Miller alikuwa akiishi kwa kurudia katuni hizo hizo, na ghafla akajikuta hana cha kuchapisha. Akamwita Mick Anglo, na Anglo akamtoa Marvelman, ndiye Miracleman wa baadaye, mwaka 1954. Ukiwaweka Captain Marvel na Marvelman pamoja, undugu hauhitaji kuulizwa. Marvelman alidumu hadi 1963, kisha akasahaulika.

Mwaka 1982 jarida jipya la Uingereza, Warrior, likamfufua. Alan Moore aliandika habari za Mike Moran, mtu mzima aliyechoka na maisha, ambaye hakumbuki kwamba zamani aliwahi kuruka angani. Kwa maoni yangu, ndipo hadithi za mashujaa zilipoanza kuulizwa maswali ya watu wazima: mwenye nguvu kiasi hicho angetufanya nini sisi wengine? Lakini waliokuwa wakiitengeneza waliamini kwamba haki ziko mikononi mwao, wakagawana mafungu. Hilo ndilo kosa lililozaa mengine yote, maana hakuna aliyekuwa amethibitisha kwamba Anglo aliwahi kuziachia.

Ugomvi ukaisimamisha hadithi mwaka 1984. Kampuni ya Marvel nayo ilikuwa imeanza kulalamikia jina la Marvelman. Mwaka uliofuata Eclipse ya Marekani ikaichukua, ikambatiza shujaa jina la Miracleman, na Moore akamaliza sehemu yake mwaka 1989. Akamkabidhi Gaiman usukani pamoja na fungu lake la haki. Gaiman alipanga vitabu vitatu: The Golden Age, The Silver Age na The Dark Age. Alikuwa katikati ya cha pili Eclipse ilipofilisika.

Hapo ndipo mali ya marehemu ilipoanza kugombewa. Mwaka 1996 Todd McFarlane, muumba wa katuni ya Spawn, alinunua mabaki ya Eclipse kwa dola 25,000, akiamini Miracleman yumo ndani. Hata akamwingiza Mike Moran katika katuni yake ya Hellspawn. Gaiman, ambaye pia alikuwa anamdai McFarlane haki za wahusika aliowabuni kwa ajili ya Spawn, akaenda mahakamani. Ili kupata fedha za vita hiyo aliiandikia Marvel katuni ya 1602 na kuelekeza mapato yake katika kampuni aliyoiita Marvels and Miracles. Alishinda mwaka 2002, na mahakama ya rufaa ikakubaliana naye mwaka 2004. Ushindi huo, hata hivyo, ulihusu wahusika wa Spawn. Suala la Miracleman mwenyewe likabaki linaning'inia.

Shabiki angeuliza: si wangechapa tu, wakubaliane baadaye? Hakuna mchapishaji anayethubutu. Akichapa leo, kesho anaweza kuburutwa kortini na kila mwenye karatasi ya madai, kisha akaamriwa kukabidhi faida yote. Hesabu hiyo hailipi, hata kama wasomaji wamejipanga mlangoni.

Fundo lilifunguka kutoka upande ambao wengi hawakuutazama. Julai 2009 Marvel ilitangaza kwamba imenunua haki kutoka kwa Mick Anglo, aliyekuwa na umri wa miaka 93. Yaani wakubwa walikuwa wamechapana mahakamani na sokoni kwa zaidi ya miaka kumi, ilhali mzee mwenye shujaa yuko hai Uingereza. Na mnunuzi ni kampuni ile ile iliyolalamikia jina! Marvel ilirudia matoleo ya zamani kuanzia Januari 2014, bila jina la Moore, kwa ombi lake mwenyewe. Oktoba 2022 The Silver Age ikaanza upya, Buckingham akiwa ameshughulikia tena michoro yake ya ujanani, na baada ya sehemu za zamani kurudiwa, kurasa ambazo umma haukuwahi kuziona zikafuata.

Kitabu cha tatu, The Dark Age, bado ni mpango. Tangu 2024 Gaiman amekabiliwa na tuhuma nzito za unyanyasaji wa kingono, ambazo amezikanusha, na kazi zake kadhaa kwingineko zimesitishwa au kufupishwa. Kwa hiyo safari hii mwenye mali anajulikana vizuri. Swali ni kama atataka kuendelea, na nani ataandika.